Ubao Ukae Kushoto

Mzee Radjabu alikuwa mwanafunzi mgumu, na ugumu wake ulikuwa wa adabu, ambao unachosha kuliko ubishi. Alisikiliza kila kitu. Alitikisa kichwa pale pa kutikisa. Akiambiwa arudie, alirudia neno kwa neno, kwa sauti ile ile aliyozoea kuwasomeshea watoto wa mtaa alifu na be, na mwishoni akaongeza "naam". Kisha alishika mashine akafanya kinyume.

Mashine yenyewe ni ile ndogo ya kushika kwa mikono miwili, yenye kisu kinachozunguka chini ya tumbo lake, inayolainisha kingo za mbao na kuchimba mifereji. Mafundi wa Bujumbura wanaiita tupi. Aliyeileta nyumbani ni Raihana, binti yake wa mwisho, aliyejifunza useremala kule mtaa wa Carama kwa fundi mmoja Mkongomani aitwaye Byamungu, mtu wa kelele nyingi na vidole kamili. Byamungu hupenda kuvinyoosha vidole hivyo mbele ya wanafunzi wapya na kusema hiyo ndiyo diploma yake, anayetaka nyingine akaitafute shuleni.

Buyenzi nzima inamjua Radjabu seremala. Vitanda vingi vya mtaa ule vina maua aliyoyachonga kwa patasi, na watu wamezaliwa, wameoa na wamefia kwenye maua yake. Lakini vidole vilikuwa vimeanza kumgomea. Viungo vilivimba, asubuhi ngumi haikufungika, na patasi ilimdondoka mbele ya wateja, ambao walijifanya hawakuona kisha wakapeleka kazi kwingine. Alikuwa ameahidi kuutengenezea msikiti kabati la misahafu, na mbao zake nyekundu za libuyu zilikuwa zimeegemea ukutani, zimeshika vumbi. Raihana alijua baba yake anaogopa nini, maana haikuwa siri: aliogopa kuwa mzee wa barazani, anayesalimiwa na kila mtu na asiyehitajiwa na yeyote.

"Mama," mzee alimwambia Raihana asubuhi moja, "nifundishe ile mashini yako."

Humwita mama kwa sababu Raihana ana jina la mama mzazi wa mzee, na anapotaka jambo hulitamka neno hilo la mama kwa upole zaidi. Raihana hakuwa na moyo wa kukataa. Kusema kweli alifurahi, akajiona mtu mkubwa. Aliyekataa ni kaka yake, Moubarak, muuza vipuri vya magari, ambaye hana ubaya wowote ila sauti.

"Yule mzee anasahau," Moubarak alisema, wamesimama mlangoni mwa duka lake. "Juzi alinituma misumari, naleta, ananituma tena. Mwanamuke wangu Houda, amemuita jina la marehemu shangazi. Na we unataka kumupa kisu chenye kukimbia?"

"Anasahau majina, kaka. Kazi hasahau."

"Haya, jaribu. Lakini mashini ikimuponyoka kwa kusahau, unaichukua na mi nafunga ile atelie yake ya mbao. Usipomuambia we, mi nitakuja kumuambia. Sitaki kuokota vidole vya baba yangu chini."

Hilo la vidole Raihana alirudi nalo nyumbani. Ndugu wengine wana kipaji hicho, wanakukabidhi hofu yao na kurudi zao dukani wakiwa wepesi.

Basi wakaanza. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wenye bati juu na meza ya kazi katikati, na kutoka gereji za jirani zilikuja kelele za nyundo na redio. Raihana aliweka tupi mezani bila kuiwasha.

"Kwanza kabisa, Baba, toa prizi. Huwezi kugusa kisu kama mashini iko na umeme."

"Nimetoa."

"Apana, umezima. Kuzima si kutoa."

Mzee akachomoa waya ukutani, akaishika ncha yake na kumwonyesha, kama mtoto anayeonyesha mikono iliyooshwa. Raihana akamfundisha kutia kisu mpaka mwisho wa tundu lake, kisha kukirudisha nje kidogo, kadiri ya unene wa ukucha, ndipo kukaza; kwa maana kisu kilichogusa chini hujilegeza chenyewe mashine ikipata moto. Akamfundisha kuubana ubao mezani pande zote na kuusukuma kwa nguvu kabla ya kuuamini. Kisha akamtazama mavazi. Kanzu ikavuliwa, shati la mikono mifupi likavaliwa. Tasbihi aliyoizungusha kwenye kifundo cha mkono ilileta mjadala kidogo.

"Hii hainidhuru."

"Ikishikwa na kisu, Baba, itakuvuta na mukono wote. Tundika pale kwa musumari, itakungoja."

Akaitundika. Miwani akavaa. Akafundishwa kuiacha mashine ifikie mwendo wake kamili kabla haijagusa ubao, kula ubao kidogo kidogo, kurudia mara nyingi badala ya kutaka kumaliza mara moja, na kutoiweka chini mpaka kisu kimeacha kuzunguka. Akafundishwa pia jambo ambalo Byamungu hulipigia kelele kuliko yote, kwa kuwa anaujua umeme wa mji huu: ukikatika katikati ya kazi, zima palepale, la sivyo umeme utarudi wewe umegeuka unaongea na mtu, na mashine itaamka peke yake mezani.

Yote hayo mzee aliyashika barabara. Siku iliyofuata, kabla Raihana hajafungua kinywa, prizi ilikuwa nje, tasbihi msumarini, kisu kimerudishwa kadiri ya ukucha. Umeme ulipokatika, kidole chake kilikuwa kwenye swichi kabla redio ya gereji haijamaliza kunyamaza. Kilichomshinda ni mwendo.

Kisu cha tupi huzunguka upande mmoja tu. Ukikipeleka kinyume cha mzunguko wake, ubao unakizuia na mashine inatulia mikononi. Ukikipeleka upande ule ule kinakozungukia, kinashika ubao na kujivuta, na hapo si wewe tena unayeendesha. Ukiwa umesimama mbele ya meza, na ukingo unaochonga uko upande wa tumbo lako, unatoka kushoto kwenda kulia. Ni neno dogo. Raihana alilisema, mzee akalirudia.

"Kushoto kwenda kulia, naam."

Akawasha. Akangoja mwendo ukamilike. Akaanzia kulia.

Mashine ilipiga ukelele, ikaruka juu ya ukingo na kukimbia mpaka mwisho wa ubao, mzee akining'inia nyuma yake. Kipande cha kona kilichomoka kikagonga bati. Raihana alikuwa ameshika waya, akauvuta kutoka ukutani, na wote wawili wakabaki wanatazamana huku kisu kikizunguka polepole mpaka kikasimama.

"Imenitoroka," mzee akasema, akicheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha yoyote. "Nirudie."

"Umeanzia wapi, Baba?"

"Kushoto kwenda kulia. Si ulivyosema?"

Akalitamka vilevile lilivyo, tena bila wasiwasi, na hilo ndilo lililomtia Raihana hofu. Angesema "nimekosea," lingekuwa jambo la kawaida. Walijaribu tena, kisu kikiwa kimerudishwa juu kisile sana. Akaanzia kulia tena. Safari hii mashine iliparuza ubao na kumvuta mpaka goti lake likagonga mguu wa meza. Hakuna aliyeumia. Raihana akasema umeme leo si mzuri, watapumzika, na mzee akakubali uongo huo upesi mno.

Buyenzi habari hazina miguu lakini zinatembea. Moubarak alifika jioni hiyo hiyo. Hakuingia ndani, alimwita dada yake kando ya mlango.

"Imeruka, ndiyo ao apana?"

"Imeruka."

"Anajua sheria?"

"Anaijua. Anaisema vizuri kabisa." Akaurudisha mlango nyuma yake. "Anaisema, halafu mukono unafanya kingine."

Moubarak hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alijifuta uso kwa kiganja. "Kesho chukua mashini," akasema. "Uongee naye pole pole. Mutu anasema kitu na kufanya kingine, Raihana, ile si uzee wa vidole."

Asubuhi Raihana alikuja na maneno yake yamepangwa. Angesema anaihitaji mashine Carama, kazi ni nyingi. Kisha angesema kabati la msikiti atalimaliza yeye. Halafu, baada ya chai, angesema wakamwone daktari. Aliyapanga vizuri maneno hayo, na aliyachukia kila moja.

Alimkuta baba yake uwanjani, ameziteremsha zile mbao za libuyu na kuzilaza mezani, anazipangusa vumbi kwa kitambaa. Raihana akasimama kwenye kivuli cha bati, akitafuta neno la kuanzia, na kwa kuwa hakulipata upesi alibaki anatazama. Mzee alianza kupangusa ubao wa kwanza mwisho wa kulia, akaenda nao mpaka kushoto. Wa pili hivyo hivyo. Kisha akachukua kalamu ya risasi iliyokuwa sikioni na kuzipa namba, kwa tarakimu za Kiarabu, moja ikiwa kulia kabisa, mbili ikifuata upande wa kushoto, tatu ikifuata. Akavuta tupi, isiyo na umeme, kama kwa kujifundisha peke yake. Akasema Bismillahi. Mkono ukaenda kulia.

Haukusita. Haukutafuta. Ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda kinywani.

"Baba," Raihana akasema, "kwa nini umeanzia pale?"

"Pale wapi?"

"Mwisho wa kulia."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu. "Sasa mutu anaanziaka wapi?"

Raihana akaketi juu ya gogo. Akilini alimwona baba yake akiingia msikitini kwa mguu wa kulia, akivaa kandambili ya kulia kwanza, akila, akipokea, akisalimia. Alimwona akikamata vidole vya watoto wa chuo cha Kurani na kuviweka ukingoni mwa ukurasa, kulia, pale mstari unapoanzia, akisema "hapa, anza hapa," kwa watoto wa kizazi hiki na wa kile kilichopita, na yeye Raihana mmoja wao. Masikio ya mzee yalikuwa yamelisikia neno la kushoto kwenda kulia na yamelihifadhi. Mkono haukuwa umeambiwa kitu. Kila kazi njema kwake ilikuwa na mwanzo mmoja tu, na alipomtaja Mungu ili aanze, ndipo hasa alipopotea.

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakabaki machozi matupu. Mzee akaiweka mashine, akaja kumsimamia.

"We mama, nini tena?"

"Nilizani unasahau, Baba."

Mzee alitazama upande wa gereji, halafu akarudi mezani.

Kujua hakukutosha, maana mkono una ukaidi wake. Alipojaribu kuanzia kushoto, bila umeme, alifanya kama mtu anayeandika jina lake kwa mguu. Kila baada ya shubiri moja alisimama kuwaza. Raihana akaona hivyo navyo ni hatari. Anayewaza njia hawazi kisu. Akakumbuka neno ambalo Byamungu alizoea kuwafokea.

"Acha mambo ya kulia na kushoto ya meza. Sikia hii peke yake: ukitembea na mashini, ubao ukae kushoto yako. Popote unaenda. Ubao kushoto."

Mzee akaachilia tupi kabisa. Akasogea ubavuni mwa meza, akaanza kuizunguka kwa miguu yake, polepole, meza ikiwa mkono wake wa kushoto. Akamaliza duru moja, akaanza ya pili. Midomo ilikuwa ikicheza. Alipofika pale alipoanzia akasimama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama. Hii si ndiyo tawafu?"

"Nini?"

"Mahujaji! Wanazunguka Kaaba iko kushoto yao. Wote, wa dunia nzima, hakuna hata mumoja anaenda kinyume." Akajishika kidevu, aibu kidogo. "Astaghfirullah, silinganishi. Ubao ni ubao. Lakini mwendo ni ule."

Makka hajafika, mzee Radjabu, na sasa hatazamii tena kufika. Ila mwendo ule anaujua kuliko wengi waliofika, kwa sababu kila mwaka huweka katoni katikati ya uwanja wa chuo na kuwazungusha watoto, na anayegeuka huvutwa sikio. Raihana mwenyewe alikuwa amevutwa sikio hilo. Miaka yote aliyokaa Carama akikariri sheria ya Byamungu hakuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja.

Mzee alikuwa bado anawaza. Alichora mraba hewani kwa kidole, kisha akauchora kwa ndani.

"Na kama ni fremu? Kisu kiko ndani yake, mbao ziko pembeni zote. Pale nikienda hivi, ubao unakuwa kulia."

Raihana akasimama. Swali hilo lilimchukua yeye muda mrefu kulifikia, na alilifikia baada ya kuharibu fremu ya dirisha ya watu.

"Ndani unageuka, Baba. Unazunguka upande mwingine. Lakini ubao bado kushoto."

"Naam. Nje hivi. Ndani hivi. Ubao haubadilike, mi ndiyo nabadilika." Akatikisa kichwa, na safari hii hakikuwa kile kichwa cha adabu. "Tuchomeke."

Kichwa kinachopotea hakiulizi swali kama lile. Raihana alijiambia hivyo huku akiubana ubao namba moja na kuusukuma kwa nguvu zote. Maneno yote aliyokuja nayo aliyatupa. Aliona raha ya kuyatupa, akataka Moubarak angekuwepo asikie lile swali kwa masikio yake. Mzee akavaa miwani, akaigusa tasbihi msumarini kuhakikisha ipo, akachomeka. Mashine ikapanda sauti mpaka ikatulia juu. Akasema Bismillahi, akasimama hivyo mpaka miguu yake ikakubali, ubao ukiwa kushoto, akaingia.

Hakukuwa na ukelele. Kulikuwa na mngurumo mmoja ulionyooka, na vumbi jekundu likimwagika miguuni pake. Mikono ile isiyoweza tena kushika patasi haikuhitaji kukunja kidole. Ilihitaji kutulia tu, na kutulia iliweza. Alifika kona, akageuka nayo, akaendelea. Alikuwa katikati ya upande wa tatu sauti ilipozama ghafla na redio zote za jirani zikakata pamoja. Akazima. Akangoja kisu kisimame, akailaza mashine, akachomoa waya. Kisha akapitisha kiganja juu ya ukingo aliouchonga, kwenda na kurudi, akafumba macho.

"Ulisema ulizani nasahau," akasema, bado amefumba.

"Nilikosea, Baba. Unisamehe."

"Kwa mashini ulikosea." Akafumbua macho. "Lakini kusahau kuko."

Raihana alitaka kusema kitu, mzee akainua mkono.

"Nyinyi munanongona, munazani na masikio yamezeeka. Mwezi uliopita nilitoka kwenda kwa Anouar. Kahawa ya Anouar naikunywa tangu hatujaota ndevu. Nilifika kwa kona, na njia sikuijua. Nilivua kiatu, nikajifanya natoa kijiwe, mpaka mutu mumoja ninayemujua akapita, nikamufuata. Ni yeye alinifikisha, na hajui."

Bila umeme hata gereji zilikuwa zimeacha kazi.

"Kwa hiyo sikia. Siku itafika nitaishika hii na sitajua ni nini. Siku ile Moubarak asikuje. Moubarak ana huruma lakini inatoka kwa kelele, na watu watakusanyika. We ndiyo utakuja. Utaitoa mikononi mwangu, utasema: Baba, leo basi."

"Na kama hutaki?"

"Nitakataa. Nitakutukana hata. Nitasema mi ndiye niliyekuzaa. Usinisikilize." Alimtazama usoni. "Ninayekuambia ni mi wa leo, niko na akili yangu yote. Yule wa siku ile usimusikilize. Umekubali?"

Alikuwa amekuja kumnyang'anya mashine hiyo kwa maneno ya uongo, na sasa mwenyewe anampa ruhusa, na ruhusa ilikuwa nzito kuliko uongo wote aliokuwa ameupanga.

"Nimekubali, Baba."

"Basi." Akaivua miwani yake, akaipuliza vumbi, akaivaa tena. "Mambo yale hayajafika. Leo tuna kabati."

Umeme ulirudi muda si mrefu, redio zikaamka zote kwa mara moja. Mzee akaangalia vibano, akachomeka, akasimama tena ubao ukiwa kushoto kwake. Raihana alisogea upande wa pili wa meza, mahali anapoweza kuiona mikono yote miwili, akabaki pale mpaka ubao ulipokwisha.